Kabla Hujaingia Kazini Mwanza

Mwanangu Minza,

Juzi jikoni uliniuliza swali, nami nikakujibu ovyo. Ulikuwa unachambua mchicha, mimi nahangaika na moto uliokuwa hautaki kushika. Ukasema, "Mama, siku ya kwanza nikifika kiwandani, niseme nini?" Nikakuambia utajua hukohuko. Ukaendelea na mboga. Tangu siku hiyo swali lako linanisumbua, maana hata mimi niliwahi kuwa nalo, na sikuwa na wa kumuuliza.

Sasa umekwenda kumuaga bibi yako, baba yako yuko zizini, na meza imebaki yangu. Habari za nguo, za chandarua na za watu wa stendi sitaziandika. Tumezisema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Namna ya kupima minofu ya samaki umeisomea, mimi siijui. Nitakuandikia mambo mengine ya kazini, yale ambayo hakuna mwalimu aliyeniandikia ubaoni. Niliyajifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na baadhi yake niliyajifunza kwa kuaibika.

Unajua kwamba nilisomea uhazili Tabora. Kilichofuata sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa hakikuwa na kisa. Nilimaliza chuo, jina langu likapangwa, nikaletwa ofisi ya ushirika hapa Bariadi, nikaonyeshwa kiti na mashine ya kuchapa. Sikuomba kazi kwa mtu. Sikuulizwa ninaweza nini. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa, na mimi nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Darasani mtu anaitwa jina, anainuka. Akimaliza kidato kimoja anasogezwa kingine. Niliamini kazi nayo ni hivyo, kwamba kuna mtu mahali fulani ana orodha, na mimi nimo.

Ulikuwa bado shule ya msingi soko la pamba lilipofunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na malori yao, wakaweka vituo mpaka vijijini ambako ushirika ulikuwa peke yake tangu zamani. Wakulima wakawa na pa kuchagua. Ofisini kwetu simu ikaanza kukaa kimya. Kwanza waliondoka wenzangu wawili, kisha stoo ikafungwa, kisha siku moja tukaitwa tuliobaki tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri, tutaitwa.

Nilisubiri, Minza. Utakumbuka labda, ingawa ulikuwa mtoto. Kila asubuhi nilivaa sketi ya ofisini, nikachana nywele, nikakaa barazani. Mvua zikaanza, watu wakalima, mimi nimevaa viatu vya kufunika. Nilisema kichwani kwamba nikienda shamba kwa moyo wote, siku hiyohiyo nitaitwa na hawatanikuta. Baba yako hakunisema. Alifunga plau kwa ng'ombe, akaenda, akarudi. Mvua zilipokuwa zinaisha ndipo alipokaa karibu nami akaniambia taratibu, "Mama Minza, ile ofisi haitakuja hapa nyumbani kukutafuta."

Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa ametamka kile nilichokuwa nakikimbia. Asubuhi yake nilivaa sketi ileile, nikachukua bahasha ya vyeti, nikatembea mpaka kwenye kiwanda kipya cha kuchambua pamba, kilichokuwa kimefunguliwa na kampuni binafsi nje kidogo ya mji.

Meneja wa pale alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuzungusha kalamu vidoleni wakati unaongea. Alisoma vyeti vyangu, akavirudisha mezani vizuri, akaniuliza ninaweza kufanya nini.

"Kazi yoyote, mzee," nikamwambia.

Akanitazama. "Kazi yoyote sina. Nina kazi ya mzani, nina kazi ya stoo, nina kazi ya uwanjani. Ukijua unayoiweza, urudi."

Nilitoka pale nimevimba. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni kwamba yule mtu ana majivuno, amenifukuza kistaarabu. Jioni nikamsimulia baba yako akiwa anakamua. Hakusema meneja ni mbaya wala mzuri. Aliniuliza tu, kule ushirika msimu ukipamba moto nilikuwa nafanya nini hasa, mbali na kuchapa. Nikamweleza. Nikamwambia habari za mwaka ambao mikokoteni ya ng'ombe ilijaa barabarani, malori makubwa yakapewa kupita mbele, watu wa vijijini wakalala njaa na ng'ombe wao. Mimi ndiye niliyekwenda kwa katibu nikaomba tutenganishe foleni, mikokoteni ipimwe asubuhi ili wenyewe wawahi kurudi, malori yafuate mchana. Nilisimama pale getini mwenyewe mpaka ikazoeleka. Baba yako akamaliza kukamua, akainuka na kibuyu.

"Haya yote ulimwambia yule meneja?"

"Hapana."

"Mbona mimi umeniambia?"

Unajua tulivyolelewa. Binti wa kwetu akijieleza sana anaambiwa ana maneno. Sifa zako wanazisema wengine, wewe unainamisha macho. Nami niliinamisha macho mbele ya mtu asiyenijua, nikategemea asome sifa zangu usoni. Ilinichukua muda kuona kwamba kueleza kazi uliyoifanya, ilivyokuwa na ilivyoishia, ni kutoa habari tu. Kujisifu ni kuongeza kile ambacho hakikuwepo.

Basi nikajifunza kusema. Nilikuwa nakwenda shamba na jembe begani huku nasema kwa sauti, "Nimepanga foleni ya magari na mikokoteni, najua watu wa vijijini wanaanza safari saa ngapi, najua nini kinawagombanisha." Siku moja mama mmoja aliyekuwa mbele yangu njiani aligeuka akaitikia, alidhani namsemesha. Mara ya kwanza maneno yalitoka kama ya mwizi. Baadaye yakawa ya kawaida. Nikarudi kwa meneja, nikayasema nikiwa nimemtazama, nikamaliza kwa kumwambia kwamba kazi ninayoiweza ni ya uwanjani. Kalamu ikasimama. Nikaanza wiki iliyofuata, kibarua wa msimu, msimamizi wa kupokea magari.

Kwa hiyo swali lako nimeshalijibu nusu. Siku ya kwanza sema jina lako, sema umewahi kufanya nini kwa mikono yako, hata kama ni kule chuoni, na sema usilolijua. Usiseme unaweza kila kitu. Mtu anayeweza kila kitu hajulikani awekwe wapi.

Nusu ya pili ni wale utakaowakuta.

Mimi niliingia uwanjani nikiwa na kalamu sikioni na sauti ya juu. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya makuli, yaani wale wanaume wanaobeba magunia ya pamba kutoka kwenye malori kwenda kwenye marundo, nikaona nisipokuwa mkali hawatanisikia. Nikaanza kuagiza kabla jua halijatoka vizuri. Hili lipeleke kule, lile hapana, wewe mwenye shati jekundu unazembea. Hawakunijibu vibaya. Walipunguza mwendo tu, wote kwa pamoja, kama ng'ombe wanaopanda mlima. Kila nilipopaza sauti wakapunguza tena.

Kiongozi wao alikuwa anaitwa Jilala, mtu wa makamo kutoka upande wa Lagangabilili, mabega mapana na kicheko cha chinichini. Alinifuata wakati wa kula.

"Mayu," akasema, kama anayemwita mama yake, "aliyekuwepo kabla yako alikuwa anatusalimu. Wewe unatuhesabu kama magunia."

Kwetu mtoto anapigwa kwa kupita watu bila kuwaamkia. Nyumbani nisingethubutu. Lakini nilipovaa cheo nilidhani salamu zimebaki nje ya geti. Kesho yake nilifika mapema, nikapita kwa kila mmoja, mwangaluka, mwangaluka, nikauliza jina, nikauliza kwao ni wapi. Hawakubadilika siku hiyo. Walibadilika polepole, na nilipokosea kupanga magari, mmoja wao alinong'ona ili nirekebishe kabla meneja hajaona. Hapo nikajua nimeanza kazi.

Kule Mwanza utakuwa na koti jeupe na watu watakuita dada wa maabara. Akina mama wanaochuna samaki watakuwa wamesimama kwenye maji baridi tangu alfajiri. Watakujua kwa namna utakavyowapita.

Sasa nikueleze jambo kubwa, lile ambalo wewe na wadogo zako mnalijua kwa jina tu, kwamba kuna mwaka kiwandani kuliungua lori.

Msimu ule pamba ilikuwa nyingi kuliko nafasi. Marundo ya pamba mbegu, ile ambayo haijachambuliwa, yalikaa wazi uwanjani, makubwa kama nyumba, na malori yaliingia mpaka katikati yake ili makuli wasibebe mbali. Yalikuwa malori ya zamani. Mabomba ya moshi yalikuwa yanatema cheche dereva akikanyaga mafuta. Pamba iliyodondoka ilitapakaa chini kila mahali, magurudumu yanapita juu yake. Moto wa pamba si kama wa nyasi. Unaweza kujificha ndani ya rundo, ukatambaa usiuone, ukaja kutokea upande mwingine wakati watu wamegeuza migongo. Nilikuwa napita pale kila siku macho chini, natafuta moshi.

Siku moja nikaona cheche imeangukia chini, ikafuka, kuli mmoja akaikanyaga na kandambili yake akaendelea na safari. Nikatoka mbio mpaka kwa meneja. Alikuwa amesimama na wageni, wanunuzi wa marobota kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia palepale, mbele yao, kwamba kiwanda chake kitaungua na watu watafia humo.

Meneja hakupandisha sauti. Aliniambia nirudi kwenye kazi yangu, mambo ya usalama yana wenyewe. Wageni wakatazama pembeni. Nilirudi getini, nikatamani kuvua beji nikaitupe.

Nilikuwa na haki, Minza. Kila nililosema lilikuwa kweli. Na halikusikika hata neno moja, kwa sababu nililisema mahali ambapo yeye hakuweza kulipokea bila kuvunjika mbele za watu. Nilikaa na uchungu ule siku kadhaa. Ningeweza kukaa nao msimu mzima, nikijihesabu kwamba mimi nilishasema, likitokea la kutokea shauri yao. Nilikaribia sana kufanya hivyo. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeshajua majina yao. Moto ukitokea haungeniunguzia makuli, ungemuunguza Jilala, na yule kijana wa Dutwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, na wengine ambao niliwasalimu asubuhi.

Nikaamua kwamba kusema sijamaliza. Nikafikiri, huyu mtu akinisikiliza akaniuliza tufanyeje, nitamwambia nini? Nilikuwa nimempelekea hofu yangu tu. Nikaanza kutafuta jibu, na nikaona kwamba njia ni malori yaishie nje ya uzio, karibu na geti, pamba ibebwe kwa mguu mpaka kwenye marundo. Lakini hilo lilikuwa na maana kwamba Jilala na wenzake wangebeba mara mbili ya umbali waliozoea.

Kwa hiyo nilianza na wao. Jilala alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mgongo ni wao, haukuwa wa meneja wala wangu. Alisema kweli. Sikumwambia ni kwa faida yao. Nilimuuliza ingekuwaje ili wakubali. Wakajadiliana wenyewe kwa wenyewe, wakanirudia. Walitaka wagawanyike makundi mawili yapokezane, walitaka mapipa ya maji getini, na walitaka ile mikokoteni miwili ya kusukuma kwa mkono iliyokuwa imelala stoo itolewe. Nikawaambia nitaomba yote, na nitakachokosa nitarudi kuwaambia nimekosa.

Kisha nikamngojea meneja asubuhi, kabla malori hayajafika, akiwa peke yake. Nikaanza kwa kumwomba radhi kwa kumsema mbele ya wageni. Nikamwomba tutembee. Nikampitisha kati ya marundo, nikamwonyesha mahali palipoungua pakawa peusi chini, na palikuwa pengi kuliko nilivyojua mwenyewe. Sikumwambia watu watakufa. Nilimwonyesha tu. Kisha nikamweleza malori yakae wapi, nani atabeba, tunahitaji nini, na kwamba vyote vimo humuhumu kiwandani.

Akapima kwa macho umbali wa mpaka getini. "Itachelewesha kazi," akasema.

"Mwanzoni itachelewesha."

"Jaribu wiki moja. Kazi ikilala, wewe ndiye utakayeondoka, siyo wao."

Nikasema sawa. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako nimeiweka kazi yangu rehani, akacheka, akasema afadhali safari hii unajua unachokingoja.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Foleni ilifika barabarani. Madereva walinitukana kwa lugha zote wanazozijua. Meneja alikuja akasimama kwenye kivuli cha ofisi mikono nyuma, akatazama, akaingia ndani. Nilibadilisha mpango, nikaubadilisha tena. Tuligundua kwamba mikokoteni ikiachiwa njia yake na wabebaji yao, hakuna anayemgonga mwenzake. Mwisho wa wiki foleni ilikuwa imefupika, ingawa bado ilikuwa ndefu kuliko zamani. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia hivyohivyo, bila kupunguza. Akasema tuendelee, na akaniagiza nisiache kumwambia.

Moto ulikuja baada ya hapo, alasiri moja yenye upepo. Lori lilikuwa limesimama nje ya geti, limejaa mpaka linainama, gunia moja limechanika na pamba inaning'inia karibu na bomba la moshi. Makuli walikuwa juu wanafungua kamba. Jilala ndiye aliyenusa. Alipiga kelele, watu wake wakaruka, na kufumba na kufumbua upande mzima ulikuwa unawaka. Kisha akakumbuka kwamba dereva alikuwa amelala ndani ya kibini, amechoka na safari. Sisi sote tulisahau. Jilala alikwenda kufungua mlango, akamvuta yule mtu kwa kola. Turubai lililokuwa linawaka likamdondokea mkononi.

Mimi nilikuwa kando ya lori la nyuma yake. Dereva wake alikuwa ameshika usukani anatazama moto kama anayeota. Nilipanda kwenye kidato cha mlango, nikamshika bega, nikamwambia kwa Kisukuma, polepole kama ninavyowaambia nyinyi mkiugua, arudi nyuma, mimi nitamwangalizia. Akarudi. Wa nyuma yake akarudi. Wengine walikuwa wameshaanza kumwaga mchanga na maji ya yale mapipa upande wa uzio. Lori lile liliteketea lote na pamba yake. Lakini kati ya lile lori na rundo la kwanza kulikuwa na uwanja mtupu, na moto haukupata pa kupita. Hakufa mtu.

Wale wageni wa Dar es Salaam walipokuja baadaye kuuliza, nilikuwa nimesimama hapo karibu. Meneja akawaambia, "Tuliona hatari mapema, tukahamisha malori." Ile tuliona ilinichoma. Nilingoja anitaje, hakunitaja. Nilikwenda nyuma ya stoo nikasimama peke yangu mpaka nilipotulia. Halafu nikajiuliza ninataka nini hasa. Sifa zingenifurahisha jioni moja. Jilala alikuwa hospitali na mkono umefungwa, na msimu ukiisha hakuna atakayemkumbuka. Nikamfuata meneja ofisini, nikamwomba mambo mawili. La kwanza, Jilala atibiwe na kiwanda mpaka apone, na akirudi apewe kazi ya getini, maana kubeba hataweza tena. La pili, mimi nipewe ajira ya kudumu. Akasema atafikiri. Nikamwambia nitakuja Ijumaa kusikia. Nikaenda Ijumaa.

La kwanza alilikubali lote. La pili alilikataa, akasema kampuni haina nafasi ya kudumu, lakini msimu ujao nitakuwa wa kwanza kuitwa. Ndivyo lilivyokwisha. Sikushinda yote, na sijui kama kuna siku mtu hushinda yote.

Vidole viwili vya Jilala havikunyooka tena. Nilikwenda kwao Lagangabilili kumwona, nikamuuliza kama ananilaumu, kwa kuwa ni mimi niliyeyahamishia malori pale getini. Akacheka kile kicheko chake. "Mayu, lori lile lingekuwa ndani ya uwanja, leo ungekuwa unaongea na mke wangu peke yake." Nilitaka nishike hilo jibu niondoke nalo. Lakini mke wake alikuwa amekaa hapohapo anapepeta mchele, na hakuinua kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati. Miaka ilipita kabla hajanisalimu vizuri, na sikumlaumu. Ukifanya jambo lililo sawa bado kuna mtu atakayelipia, na mara nyingi si wewe. Usimkwepe. Nenda kwake, kaa, hata kama hakuna atakalokuambia.

Nilifanya misimu mingine kadhaa pale, kisha nikapata nafasi Dutwa, kwa mnunuzi mwingine, ajira yenye mkataba. Sikuondoka kwa kununa. Nilimwambia meneja mapema, nikamfundisha aliyenifuata mpaka nikahakikisha anajua majina. Siku ya mwisho meneja alinipa mkono, akarudi kwenye kalamu yake. Baadaye sana bosi wangu wa Dutwa aliniambia kwamba kabla ya kuniajiri alimpigia simu yule mtu kuulizia habari zangu. Alijibiwa kwa kifupi. "Huyo atakusumbua. Mchukue."

Minza, ninakujua. Ukikosolewa unakuwa kimya siku mbili, chakula hakiliki, kisha unarudi umeshajihukumu na kujifunga mwenyewe. Kule hawatakungojea siku mbili. Ukikosea sema nimekosea, uliza ifanyweje, ufanye, ule chakula. Na itafika siku utapima samaki ukute hawafai, gari la barafu linangurumia nje, mkubwa wako ana haraka, na atakuuliza kama una uhakika. Nakuomba siku hiyo uwe na uhakika, kwa kupima tena kabla hajakuuliza. Mwambie akiwa peke yake kama inawezekana. Mwambie na cha kufanya. Na akikataa, usihesabu kwamba umeshasema. Kuna kusema mara ya pili, na ya tatu, na kuna mtu mwingine wa juu yake. Ukiona imefika mahali ambapo ni lazima uchague kati ya kiti na kweli, kiache kiti, utembee. Kwetu bado kuna shamba, na mimi sitakuuliza kwa nini umerudi.

Watakuweka kwenye majaribio miezi ya kwanza. Usiishi kama mgeni muda huo wote ukingoja wakukubali. Fanya kazi kama mtu wa pale.

Baba yako ameingia, ananuka maziwa, anauliza kama naandika kitabu. Nimemwambia ndiyo.

Kesho sitakuwepo stendi. Sikukuambia mchana kwa sababu ungeanza kunibembeleza, na mimi ningekubali. Msimu unafunguliwa kesho, na malori ya kwanza yanafika Dutwa alfajiri. Nitaondoka mapema na baiskeli, wewe ukiwa umelala, na baba yako ndiye atakayekupandisha basi. Likitoka hapa litapita Dutwa kabla halijaelekea barabara kuu ya Nyashimo na Mwanza. Uwanja wetu uko kando ya barabara, mkono wa kushoto, utauona kwa foleni ya malori. Nitakuwa getini nimefunga kitenge cha kijani, napanga magari. Usimwombe dereva asimame, ana ratiba yake, na mimi nitakuwa na watu wananisubiri. Kaa dirishani tu. Nitainua mkono, wewe inua wako, kisha kila mmoja wetu ageukie kazi yake.

Mama yako